Hita Iliyokataa Kuwaka Gikondo

Saa moja asubuhi hita ya gari langu iliwaka nyumbani kwangu Kinyinya, mjini Kigali. Feni ilizunguka, pampu ikaanza kugonga chini ya gari, tik, tik, tik, na baada ya dakika chache hewa ya moto ikanipuliza miguuni. Niliizima, nikamaliza chai yangu nimesimama, nikaendesha hadi gereji moja ya Gikondo nikijisikia kama shahidi anayekwenda mahakamani. Saa tatu, mbele ya fundi, hita ileile ilitoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, ikakohoa, ikazima. Taa yake nyekundu ikaanza kupepesa.

Ilikuwa mara ya tatu kunifanyia hivyo.

Fundi alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, aliyejifunza kazi kwenye malori ya Bukavu na Bujumbura kabla ya kufungua gereji yake. Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

"Mwarimu," aliniambia, "hii mashini imekufa. Tuitoe."

"Imewaka asubuhi hii."

"Imewaka wapi?"

"Nyumbani kwangu."

Hakusema nadanganya. Alinitazama tu kwa huruma, na afadhali angesema nadanganya. Huruma ile naijua. Nimetazamwa nayo tangu nikiwa mtoto, na hakuna kitu duniani kinachonipandisha mori kama hicho.

Nina ugonjwa wa selimundu. Nilizaliwa nao Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia wakiwa vijana, na nilikuwa bado sijaanza shule niliposikia mhudumu mmoja wa zahanati akimwambia mama, mbele yangu, asijisumbue sana na ada zangu. Alidhani sielewi. Nilielewa vizuri sana. Sasa nina miaka arobaini na tatu na ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kigali, na kila mwaka ninaposahihisha mitihani ya mwisho namkumbuka mhudumu yule, wala si kwa upendo.

Adui mkubwa wa mtu kama mimi ni baridi. Baridi ikikushika, damu inakwama kwenye viungo, na maumivu yake sina maneno ya kuyaeleza, ingawa maneno ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo nililelewa jikoni, kando ya moto. Wenzangu wakienda kuoga mtoni mimi nabaki. Darasa likipanda mlima mimi nabaki, nimevaa sweta mbili, namshikia mwalimu rejista. Tuliporudi Rwanda baba alitusimulia habari za kaskazini alikozaliwa, chini ya volkano, kwamba asubuhi ukungu unalala juu ya mashamba ya viazi hadi huoni ng'ombe aliye hatua kumi mbele yako. Kaka yangu alikwenda kuona. Binamu walikwenda kuona. Mimi nilioneshwa picha.

Ndiyo maana, nilipopata habari kwamba wageni wawili waliozunguka Afrika kwa gari la kulala wanaliuza ili warudi kwao kwa ndege, nilikwenda kuliona siku hiyohiyo. Lilikuwa na kitanda, jiko dogo, sinki la kunawia, na chini ya kiti cha abiria hita inayochoma dizeli ya gari lenyewe. Mwenyewe aliiwasha mbele yangu. Nilipoisikia ile hewa ya moto kwenye vifundo vya miguu sikusikiliza tena maelezo mengine.

Nililinunua. Sikuomba ruhusa kwa mtu.

Mama, ninayeishi naye, alilizunguka gari mara mbili. Kaka yangu, ambaye ana duka la vifaa vya umeme kule Gitega, hapahapa Kigali, alisema kwa niaba ya wote wawili.

"Dada, unataka kulala kwenye gari lililofungwa, na moto ndani? Watu wanakufa kila leo kwa kuingiza imbabura chumbani!"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Nani hapa mjini hajasikia habari ya familia iliyolala na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa, wasiamke? Nilimketisha nikamwonesha. Moto wa hita umefungiwa kwenye chuma peke yake. Unavuta hewa kutoka chini ya gari na kutoa moshi chini ya gari, na hewa inayoingia ndani inapita kando ya chuma tu, inapata joto, haigusani na moshi. Na juu ya kitanda wale wageni walikuwa wameacha kengele ndogo inayolia ikinusa hewa yenye sumu.

"Na ikiharibika?"

"Nitaitengeneza."

"Wewe?"

Huyu ndiye kaka aliyenibeba mgongoni hadi hospitali zaidi ya mara moja, mvua ikinyesha, akiwa mtoto yeye mwenyewe. Nampenda. Lakini alivyolitamka lile "wewe" nilitamani kumtupia kikombe.

Hita ikaharibika, kama vile ilikuwa inamsikiliza. Mwezi mmoja baadaye, kwenye uwanja wa shule nilikokwenda kuijaribu, ilianza vizuri kisha ikatoa moshi mweupe na kuzima. Hapo ndipo nilipompelekea fundi wa Gikondo. Mara ya kwanza aliifungua, akakwangua masizi yaliyojaa mle ndani, akaifunga. Haikuwaka kwake, ikawaka kwangu. Mara ya pili akabadilisha kile kijiti kinachowaka moto mwekundu ili kuwasha mafuta. Haikuwaka kwake, ikawaka kwangu. Akasema basi betri ndiyo dhaifu. Nikaenda Gitega, nikaazima mita ya umeme dukani kwa kaka, nikapima usiku na asubuhi, hita ikiwa inawaka na ikiwa imezimwa. Betri ilikuwa nzima.

Nilisoma pia kijitabu chake, kilichoandikwa kwa lugha nisiyoijua. Nilikaa nacho jioni mbili, simu ikinitafsiria ukurasa mmoja mmoja. Taa ikipepesa vile, kilisema, moto umewashwa lakini haukudumu. Hayo niliyajua bila kusoma.

Sasa tulikuwa kwenye ile mara ya tatu.

"Mi naona tutoe," fundi alirudia. "Gari iko mzuri. Hita iko bure. Rwanda iko na baridi gani? Blanketi iko, chai iko."

"Haitoki," nilisema.

"Mwarimu..."

"Haitoki. Ingekuwa imekufa isingewaka kwangu. Maiti haifufuki Kinyinya asubuhi ikafa tena Gikondo saa tatu. Kuna kitu, na mimi nitakijua."

Nilisema kwa sauti kuliko nilivyokusudia. Mafundi wengine waligeuka. Niliingia garini nikapanda Kinyinya.

Kwa majuma mawili sikurudi. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na pia, niseme kweli, nilikuwa nimeishiwa mbinu. Kila asubuhi niliiwasha hita, na kila asubuhi iliwaka, kana kwamba inanikejeli.

Kisha ikaja Jumamosi ya lori la mchanga. Kwetu Kinyinya ujenzi hauishi. Kila kiwanja kina matofali na zege. Siku hiyo lori la mchanga la jirani lilisimama upande mmoja wa lango langu, na nilipotoka sokoni nikashindwa kuingia kama ninavyoingia siku zote. Ua wangu unateremka kutoka barabarani, na kwa kawaida naingia kichwa mbele, gari linalala likitazama chini bondeni. Safari hii ilinibidi nigeuzie barabarani na kuingia kinyumenyume. Gari likalala likitazama juu.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, niliwasha hita kwa mazoea tu. Feni, tik, tik, tik, moshi mweupe. Ikazima.

Nilikaa kwenye kitanda kile na koti langu la kanisani nikahisi machozi yanakuja. Mahali pekee ilipokuwa inawaka palikuwa hapa, na sasa hapa nako imekataa. Nilikuwa nimeshashika simu nimpigie fundi, nimwambie itoe. Mama alikuwa amesimama mlangoni na Biblia yake kwapani.

"Imekataa?" aliuliza.

"Imekataa, mama."

"Jana ulifanya nini usichofanya siku zote?"

Ndivyo alivyokuwa akiniuliza tangu utotoni kila maumivu yalipoanza. Ulikula nini? Ulikwenda wapi? Ulilowa? Alinifundisha kutafuta chanzo kabla ya kulia. Nikafikiri. Betri ileile. Mafuta yaleyale, nusu tangi. Kilichobadilika ni kwamba gari lilitazama upande mwingine.

Niliwasha injini, nikatoka langoni, lori lilikuwa limeshaondoka, nikageuza na kuingia kichwa mbele. Hita ikawaka. Nikatoka tena, nikaingia kinyumenyume. Ikazima. Nikatoka mara ya tatu. Jirani alitoka nje akiwa na mswaki mdomoni kutazama mwanamke aliyevaa nguo za kanisani akiingia na kutoka lango lake mwenyewe. Kanisani tulifika mahubiri yamekwisha, na mama hakunilaumu.

Gereji ya Gikondo iko kwenye sakafu ya zege iliyo sawa. Uwanja wa shule uko sawa. Penye usawa inakataa, kichwa kikiinama inakubali. Kwa hiyo tatizo halikuwa kwenye hita kabisa. Lilikuwa kwenye tangi, mahali mafuta yanapohamia mbele gari likiinama. Mle ndani mna mrija unaonyonya dizeli na kuipeleka kwenye pampu. Nilihisi mrija ule unavuta hewa. Lakini kuhisi si kuonesha, na fundi wangu alikuwa mtu wa kuoneshwa.

Jumatatu baada ya vipindi niliingia duka la dawa nikanunua mpira wa dripu, mpya, ndani ya mfuko wake.

"Nani anaumwa?" muuzaji aliuliza.

"Gari."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nimelala chini ya mipira ile siku nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Najua inavyoonesha kila kitu kinachopita ndani yake. Najua muuguzi anavyougonga kwa ukucha kufukuza hewa, na najua unavyolala ukitazama kiputo kimoja kikishuka kuelekea mkono wako.

Fundi aliponiona nikiingia gereji aliweka chini spana na kupumua.

"Mwarimu. Umekuja tuitoe?"

"Nimekuja unisaidie kitu kimoja. Nikikosea, itoe leo hii, sitasema neno."

Nilimpa mpira. Nilimwomba akate bomba la mafuta kati ya tangi na pampu, mpira mweusi usioonesha ndani, na aweke pale kipande cha mpira wa dripu. Aliugeuzageuza mikononi, akanitazama, akatazama mpira tena. Kisha akaingia chini ya gari. Alipomaliza nilivua viatu, nikatandika gunia kwenye zege, nikalala kando yake chini ya gari langu. Zege lilikuwa la baridi na nililisikia mgongoni kote. Nilikaa hapohapo.

"Washa," nikamwambia fundi mwenzake aliyekuwa amesimama mlangoni mwa gari.

Tik, tik, tik. Dizeli, mazutu kama mafundi wanavyoiita, ikaja ndani ya mpira, ya rangi ya njano. Kisha kiputo. Kisha viputo vitatu vimefuatana, kisha kipande kirefu cha hewa tupu, na pampu ikaendelea kugonga juu ya kitu kisichokuwepo. Moshi mweupe. Ikazima.

Fundi aliugusa mpira kwa ncha ya kidole.

"Sasa nyanyua nyuma kwa jeki," nilisema. "Juu kabisa."

Tulitoka chini. Akaweka jeki, akapiga hadi mkia wa gari ukasimama juu na kichwa kikainama, kama gari linavyolala nyumbani kwangu. Akaweka vyuma vya kushikilia, akatikisa kuhakikisha. Wakati huo mafundi wanne, watano walikuwa wameacha kazi zao. Mwenzake akawasha tena. Tulichungulia pembeni, mimi na yeye, vichwa vyetu vikikaribia kugongana.

Viputo vilikuja viwili, kisha kimoja, kisha hakuna. Mpira ukajaa njano tupu. Tik, tik, tik. Moshi mweupe ukatoka kidogo, ukapungua, ukaisha, na hita ikanguruma ile sauti yake ya kuridhika. Mtu mmoja aliingiza mkono garini mbele ya tundu la hewa akapiga kelele: "Irashyushye!" Ina moto.

Fundi alibaki amechuchumaa akitazama ule mpira.

"Mrija wa ndani iko na ufa," alisema. "Katikati. Mazutu ikifunika ufa, inavuta mazutu. Ufa ikitoka nje, inavuta hewa."

"Ndivyo ninavyofikiri."

"Mimi nimebadilisha vitu haina makosa." Alisema hivyo kwa uchungu, bila kunitazama. "Unisamehe, Mwarimu."

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali kwa ajili ya siku ile. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi nikisahihisha mitihani. Yalipofika mdomoni niliona hayana kazi. Nilimwambia tufungue tangi.

Tulifungua. Mrija ulitoka, wa plastiki ngumu, na karibu na nusu ya urefu wake ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ungeupitisha mbele ya macho bila kuuona. Fundi aliupinda kidogo, ufa ukafunguka kama mdomo wa samaki. Alikwenda mwenyewe kwa fundi wa friji wa jirani, akarudi na bomba la shaba, akalikata kwa kipimo cha ule wa zamani. Kisha bila kuombwa akakagua bomba la moshi la hita kuanzia mwanzo hadi mwisho, akakaza viungo vyote, akalisogeza lielekee mbali na mlango.

"Hii ndiyo inaua watu," alisema. "Ukiona moshi ndani, hata kidogo, toka."

Gari likashushwa. Magurudumu yote manne juu ya zege tambarare. Hita ikawaka.

Safari ya kaskazini, kwenye ukungu wa baba, nilimweleza daktari wangu kabla ya kwenda. Hakushangilia. Alinipa masharti: maji mengi, dawa zangu zote, nisitembee mlimani, na maumivu yakianza nirudi siku hiyohiyo. Niliyakubali yote. Kaka yangu ndiye aliyekataa. Alikuja nyumbani, akasimama mbele ya gari na mikono kiunoni.

"Na akizidiwa kule porini, nani atambeba?" alimuuliza mama, kana kwamba mimi sipo.

"Nitakuwepo mimi," mama alisema.

Mimi na kaka hatukujua kwamba anakuja. Alikuwa ameshafunga begi lake.

Tulifika Kinigi, chini ya volkano, alasiri, mimi nikiendesha. Nyumba moja ya wageni ilituruhusu kulala kwenye uwanja wao wa nyasi, ulio sawa kama meza. Volkano zilikuwa zimefunikwa na mawingu, hatukuziona. Jua lilipoanza kushuka baridi ikaja kwa haraka, nikaihisi puani na kwenye vidole, na zamani hapo ndipo mtu angeniita niingie jikoni. Niliingia garini nikawasha. Mama alikaa kitako mbele ya tundu la hewa, kiganja chake kimefunguliwa, na hakukiondoa hadi alipoamini. Tulikula viazi na maharage, akanisimulia mambo ya baba ambayo sikuwahi kuyasikia, jinsi alivyokuwa akiogopa ng'ombe wa baba yake mwenyewe. Tukalala. Kengele ya hewa ya sumu haikulia.

Alfajiri nilivaa kila nilichokuwa nacho nikafungua mlango. Ukungu ulikuwa hapohapo, kwenye ngazi ya gari, mzito na mweupe. Sikuona uzio. Sikuona nyumba ya wageni. Nilishuka nikasimama kwenye nyasi zilizolowa nikasikia watu wakipita barabarani kwenda shamba, wanawake watatu au wanne wakizungumza, majembe yakigongana, nao siwaoni. Nilisimama hadi walipopita. Pengine dakika tano. Kisha nikarudi ndani kwenye joto, nikaketi mbele ya tundu la hewa.

Goti la kushoto lilianza kuniuma siku mbili baadaye, nyumbani. Halikuwa jambo la hospitali, lakini nililala na kunywa maji na kumeza vidonge, na kaka yangu akaja akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilikwambia," alisema.

"Uliniambia."

"Basi?"

"Goti hili limeniuma nikiwa kwenye kitanda hikihiki mara ngapi, bila kwenda popote?"

Alinisogezea mto chini ya goti vizuri, kama alivyozoea. Kisha akauliza kama lile gari lina nafasi ya kulala mtu wa tatu, nikamwambia sakafuni ipo, mradi asikorome.